Mayai Mawili Bondeni Jangwani

Jumapili, 6 Oktoba 1974

Viganja vimejaa malengelenge, lakini leo lazima niandike.

Tumeanza shamba. Tawi la chama limegawa bonde la Jangwani vipande vipande, kila nyumba kumi na kipande chao. Sisi wa mtaa wa Narung'ombe tumepata kile kilicho karibu kabisa na mto Msimbazi: magugu, matete na mchanga. Unga hauonekani, watu wanapanga foleni tangu alfajiri, na agizo ni moja tu, kila mtu alime, kufa na kupona. Mimi Hyasinta, fundi cherehani niliyezoea kukaa kitako, ndiye balozi wa nyumba kumi tangu Agosti. Kwa hiyo nilitangulia na jembe, nikijifanya nalijua.

Kushoto kwangu alikuwa Sitara, jirani yangu muuza vitumbua. Amefunga, midomo imemkauka, na bado ananiacha mbali kwa kulima. Mara akanyanyua jembe akabaki nalo juu. Akasema polepole, "Mama Balozi, usisogee."

Nikadhani nyoka. Nilipoinama nikaona macho mawili makubwa ya manjano yananitazama kutoka mchangani. Ilinichukua muda kuona kwamba nyuma ya macho kuna ndege. Alikuwa amejilaza chini, shingo ameinyoosha, rangi yake na ya mchanga ni moja. Alituvumilia mpaka kivuli cha jembe kilipomfikia, ndipo akainuka kwa ile miguu mirefu yenye magoti manene, akakimbia hatua chache, akageuka kututazama. Chekeamwezi. Pale alipokuwa amelala palikuwa na mayai mawili yenye madoa ya kahawia. Ukipepesa macho unayapoteza.

Nilipokuja mjini kutoka Songea, mwaka ule wa Uhuru, kila jioni bonde hili lilikuwa linacheka. Chekeamwezi mmoja akianza, wengine wanadakia mpaka Buguruni huko. Nilikuwa mgeni, sina mtu, na kile kicheko kilinipa moyo sijui kwa nini. Leo nimejiuliza nilikisikia mara ya mwisho lini, na sikumbuki. Nilidhani masikio yamezoea tu. Kumbe wamekwisha. Matete tumeyachoma, mbwa wanazurura, nyumba zimeteremka mpaka bondeni, na yai likiwa chini kila mtu anajua pa kulipata.

Bwana Elisaria, mwenye duka la nafaka la jumla hapo kona, alisema mayai yale yanamtosha mtu mmoja kunywea chai. Watu wakacheka. Mimi nilichomeka vijiti kuzunguka pale, nikavifunga mabaki ya kitambaa chekundu yaliyokuwa kapuni, nikatangaza kwamba hapa leo halimi mtu. Ni mara ya kwanza nautumia ubalozi wangu kutoa amri, na nimeutumia kwa ndege. Benjamini, mume wangu, karudi kutoka bandarini nikamsimulia. Amecheka mpaka chai ikampalia.

Jumatatu, 7 Oktoba

Foleni ya unga toka asubuhi. Nimekosa. Jioni nimekwenda bondeni kuchungulia, ndege amelala palepale.

Jumanne, 8 Oktoba

Kikao cha nyumba kumi, barazani kwangu. Elisaria alisema amekwisha kumpata mwenye trekta, atakuja Jumapili, na trekta haliwezi kukata kona kwa sababu ya ndege. Alisema kwa heshima, lakini aliyasema akiwa amesimama, kama mtu mwenye duka linalomsubiri. Nimemwona siku zote ni mtu wa namna hiyo, kila kitu kwake mzani.

Mzee Mbaruku, mwenye nyumba ya tatu kutoka kwetu, naye hakumtaka ndege, ila kwa sababu yake. Mwaka aliofiwa na mkewe, chekeamwezi alilia juu ya paa lao wiki nzima. Alituambia kwamba ndege yule hachekei mwezi, anamcheka binadamu, na mayai yake yatupwe mtoni kabla hayajatuletea balaa. Hata Sitara aliangalia chini.

Nilisema tu kwamba ndege waliokuwa mamia sasa wamebaki wawili, na balaa za mtaa huu hazikupungua. Sikujua kama ni jibu. Tulipiga kura, vijiti vyangu vikapona kwa kura chache, nyingi za wanawake. Elisaria akasema sawa, trekta litazunguka, lakini mahindi yatakayokosekana pale tumdai Mama Balozi.

Ijumaa, 11 Oktoba

Asubuhi nilikuwa naunga mikono ya blauzi, nikamwona Mzee Mbaruku anashuka kwenda bondeni peke yake, bakora mkononi. Nilijua anaenda kufanya nini. Nikatupa kazi nikamfuata mbio, lakini yeye amepita njia ya mkato nami nimebanwa na mikokoteni ya sokoni.

Nilipofika nilimkuta anarudi. Kanzu imejaa mchanga mpaka magotini na bakora anaiburuta. Nikamwamkia, shikamoo mzee, akaitika marahaba bila kunitazama. Nikaogopa kuuliza. Akasimama mwenyewe.

"Nimemnyanyulia bakora," akasema, "hakunikimbia. Amefungua mbawa zake zote mbili akanisimamia mbele. Kitu chenyewe kina uzito gani? Kama kandambili."

Akaendelea na safari yake. Baada ya hatua kadhaa akageuka akaniambia kwamba marehemu mkewe alikuwa vilevile, ukimjia vibaya hakimbii. Mayai yalikuwa salama. Nimerudi nyumbani nikashona blauzi ya watu mikono yote miwili upande mmoja, nikaifumua nikicheka.

Jumapili, 13 Oktoba

Trekta limekuja! Nimekosa misa, Mungu atanisamehe. Dereva alipoambiwa azunguke ndege alidhani tunamtania. Sitara alisimama mbele ya vijiti na watoto wake mgongoni na ubavuni, na dereva akazunguka. Liliponguruma karibu, dume na jike walisimama pamoja ndani ya duara, wamekakamaa kama askari wa gwaride. Hawakuondoka. Lilipomaliza, shamba lote limepinduliwa, na katikati kisiwa kidogo cha magugu na vitambaa vyangu. Watu walipiga makofi, na mmoja wao, nilimwona kwa macho yangu, alikuwa Elisaria. Alipoona namtazama akajipangusa viganja kana kwamba vilikuwa na vumbi.

Jumatano, 16 Oktoba

Nguo za Idd, cherehani haijapumzika. Mgongo sina.

Alhamisi, 17 Oktoba

Idd. Mtaa mzima umependeza, na mtaa mzima umeteremka bondeni kumwona ndege. Habari zimefika mpaka Mnazi Mmoja. Walikuja na watoto waliovaa nguo mpya, na biskuti, na pilau kwenye sahani zilizofunikwa kawa, wakakaa pembeni wakala na kuchungulia. Nilijisikia kama mwenye harusi. Niliwaeleza wote, mpaka sauti ikanikauka, jinsi wanavyopokezana kuatamia, jinsi yule anayekuja zamu anavyosogea kwa kujiiba. Bibi mmoja kutoka Buguruni aliniambia kwao hawajamsikia tangu mwanawe aanze shule, na mwanawe sasa anafanya kazi kiwandani.

Siku nzuri kupita zote.

Ijumaa, 18 Oktoba

Kunguru wameyala.

Walifuata makombo ya pilau. Asubuhi bonde lilikuwa jeusi kwa kunguru wa Kariakoo, wanagombania mifupa na biskuti, na walipomaliza chakula cha watu wakaona na kile cha chini. Tulikuta ganda na ute mchangani. Ndege wote wawili wamesimama mbali, wanatazama pale palipokuwa na mayai.

Tumewaua kwa kuwapenda. Siandiki zaidi.

Jumatatu, 21 Oktoba

Elisaria amesema, bila ubaya, kwamba sasa kile kisiwa kilimwe. Nimekubali. Jumapili.

Alhamisi, 24 Oktoba

Nimeshona sare za shule. Joto. Sijashuka bondeni.

Jumapili, 27 Oktoba

Nashindwa kukaa, naandika nimesimama mezani!

Tulikwenda baada ya misa na majembe begani kumaliza kile kipande. Nilikuwa nimejikaza. Nikang'oa vijiti vyangu mwenyewe, kimoja baada ya kingine, ili nisimwone mtu mwingine akiving'oa. Nilipofika kile cha mwisho, ndege akainuka miguuni pangu. Akafungua mbawa. Akanisimamia kama alivyomsimamia Mzee Mbaruku, na nyuma yake, si pale pa zamani bali hatua chache karibu zaidi na mto, mayai mawili.

Wametaga tena. Baada ya yote yale wametaga tena, na ndani ya shamba letu.

Sitara alikaa chini palepale kwenye tifutifu akalia na kucheka. Mimi nilichomeka vijiti upya, kimoja nikakichomeka kichwa chini. Na Elisaria, ambaye jembe lilikuwa bado begani kwake, alilitua taratibu kama anayetua mtoto aliyelala.

Safari hii tumejifunza. Tulikubaliana hapohapo: hakuna mgeni, hakuna chakula bondeni, hata ganda la karanga. Anayetaka kumwona asimame juu barabarani. Mbwa wafungwe asubuhi na jioni. Na kunguru wapate mtu wa kuwasumbua. Nikauliza nani. Mzee Mbaruku akasema yeye akishasali alfajiri hana usingizi tena, na akatoa manati mfukoni. Manati ya kitoto, mpira mpya. Inaonekana alikuwa amekuja nayo tayari, kabla hatujajua kama kuna cha kulinda.

Jumanne, 29 Oktoba

Kunguru mmoja amepigwa kokoto ya mkia. Mzee Mbaruku amelisimulia jambo hilo mtaa mzima.

Jumatano, 30 Oktoba

Mvua ya kwanza. Tumepanda mahindi kwenye shamba lote, mbegu ya dukani kwa Elisaria. Ndege hakusogea, maji yanamchuruzika mgongoni.

Jumamosi, 2 Novemba

Ukaguzi. Ndugu Pantaleo, katibu wa tawi, amekuja na baiskeli yake na viatu vinavyong'aa hata kwenye tope. Ni mtu mkali, hajui mzaha. Mwaka jana alimwita mtu kupe mbele ya mkutano kwa sababu alichelewa kufagia mfereji. Alitembea shamba lote kimya, akafika kwenye vijiti, akauliza hapa je.

Nilimweleza. Uso haukubadilika. Alisema taifa lina njaa, na ataandika kwamba nyumba kumi za Narung'ombe zimeacha ardhi bila kulimwa kwa visingizio, na balozi atafikishwa mbele ya kamati kueleza. Watu wote walinitazama. Niliogopa, maana ukishaitwa mvivu katika mtaa huu jina halitoki hata ukifua kwa sabuni ya gwanji.

Nikasema, "Ndugu Katibu, tupimie upana wa hapo. Tutakulimia mara mbili yake pale kwenye matete, ambapo hata trekta limeshindwa. Ukija wiki ijayo ukakuta hatujalima, nitakuja kwenye kamati mwenyewe bila kuitwa."

Akatazama matete. Ni msitu, mizizi kama kamba za meli. Akapima kile kisiwa kwa hatua zake, akanipa wiki moja. Alipokuwa anapanda baiskeli, ndege akainuka kumpisha mwenzake zamu, akapita wazi mbele yetu na ile miguu yake. Ndugu Pantaleo akabaki mguu mmoja chini, mwingine kwenye pedali, muda mrefu kuliko ulivyohitajika.

Jumapili, 3 Novemba

Matete. Benjamini naye amekuja siku yake ya mapumziko, ndiye aliyetuonyesha namna ya kuvuta mizizi kwa kamba wote pamoja kama wanavyovuta bandarini. Tuliimba. Sijawahi kuona watu wa mtaa huu wakifanya kazi hivi, Waislamu, Wakristo, wa kusini, wa Kilimanjaro, wote matope mpaka masikioni. Sitara alisema akifa aandikwe alikufa kwa ajili ya kuku asiye wake.

Jumanne, 5 Novemba

Matete tena. Hakuna aliyelazimishwa.

Jumamosi, 9 Novemba

Ndugu Pantaleo amepima. Tumezidisha. Hakutusifu, lakini aliuliza mayai yanachukua muda gani. Nikamwambia wiki tatu na kitu. Akatikisa kichwa akaondoka.

Jumanne, 12 Novemba

Mahindi yamefika kifundo cha mguu. Mvua kila siku.

Jumapili, 17 Novemba

Jana na leo nitaziandika pamoja, sikupata nafasi ya kushika kalamu.

Ijumaa mvua ilinyesha Pugu, unakotoka mto, huku kwetu jua. Jumamosi alfajiri Mzee Mbaruku alipiga hodi: Msimbazi unapanda. Nilishuka kanga moja kiunoni na nyingine kichwani. Maji ya rangi ya chai yalikuwa yamekwisha kuchukua matete yaliyobaki na yanalamba mstari wa kwanza wa mahindi. Kutoka hapo mpaka kwa ndege si mbali. Alikuwa amelala, macho ametukodolea.

Tulifikiri kuyachukua mayai twende nayo nyumbani. Lakini nani ataatamia? Tukafikiri kuyasogeza juu, tukaogopa ndege hatayafuata. Ndipo Sitara akasema, kama maji yanapanda, basi na yeye apande, palepale alipo. Tumwinue kidogokidogo, asijue.

Magunia yatatoka wapi? Nilimtazama Elisaria aliyekuwa anateremka, na nikaona anayo. Furushi la magunia matupu begani. Alikuwa amefunga duka, Jumamosi, siku ambayo unga umefika na foleni imezunguka nyumba. Aliniambia tu kwamba foleni itangoja. Huyu ndiye niliyemdhania haoni zaidi ya mzani wake.

Tulijaza mchanga mkavu kutoka juu, tukabeba kwa mstari. Sitara alileta bati la debe lililonyooshwa, analofunikia jiko lake. Nikamwondoa ndege kwa kumsogelea taratibu. Akakimbia, akasimama na mbawa wazi, akatoa mlio mkavu kama wa kitambaa kinachochanwa. Elisaria akalala kifudifudi kwenye tope na shati lake jeupe, akasukuma bati chini ya kiota, pole, pole, mpaka mchanga wote na mayai yake ukakaa juu. Ile mikono imepima sukari miaka yote hiyo bila kumwaga chembe. Akanyanyua. Tukasukuma magunia chini yake, bapa, ubavu kwa ubavu, akashusha, akachomoa bati, tukajaza mchanga pembeni ufanane na chini. Kisha tukakimbia wote kujificha nyuma ya tuta.

Hapo ndipo roho ilipotaka kunitoka. Ndege alikuja. Akatazama. Akazunguka kile kilima kidogo kama mtu aliyerudi nyumbani akakuta mlango umehamishwa. Akaenda zake. Mimi na rozari yangu, Sitara na tasbihi yake, hatupumui. Akarudi. Akaweka mguu mmoja juu ya gunia, akauondoa. Akauweka tena. Akapanda, akayachunguza mayai, akayageuza kwa mdomo, akakaa. Sitara aliniuma bega ili asipige kelele. Alama ya meno ninayo mpaka sasa.

Mchana tulimpandisha mara ya pili. Alasiri mara ya tatu, na safari hii hakukimbia hata mbali, alisimama kando anatusimamia kama msimamizi wa kazi. Leo asubuhi maji yalikuwa yamemzunguka pande zote. Kilima chetu kimekuwa kisiwa kweli, na magunia ya chini yameanza kuteleza. Tuliingia majini tukashikana mikono kukizuia, mpaka magotini, maji yanatusukuma. Nilisikia mtu mwingine anaingia upande wangu. Ndugu Pantaleo. Amekuja kukagua hasara ya mazao. Viatu vinavyong'aa ameviacha ukingoni, vimepangwa sambamba, suruali ameikunja mpaka juu ya magoti. Aliweka mgongo wake kwenye magunia akasimama hapo, na alisimama mpaka adhuhuri.

Maji yalipoanza kushuka tuliona tulichopoteza. Karibu nusu ya mahindi yamelala, mistari ya chini imekwenda kabisa. Mwanamke mmoja wa nyumba ya nyuma alianza kulia, akasema tumeshughulika na mayai ya ndege na chakula cha watoto kimesombwa. Hakudanganya. Hata kama tungeshika mahindi kwa mikono yetu tusingeyazuia, lakini mtu mwenye njaa humwelezi hivyo.

Elisaria alikuwa ameketi kwenye tope. Alimgeukia yule mama.

"Mbegu ya mahindi ipo dukani kwangu, dada, kesho njoni mchukue mpandie, sitaki kitu. Mbegu ya huyu haipo dukani."

Yule mama alifuta macho. Kesho tutapandia, vuli bado ndefu. Nimelala alasiri yote ubavu wa kulia kwa sababu wa kushoto una meno ya Sitara.

Jumatatu, 18 Novemba

Tumepandia. Yule mama alikuja wa kwanza.

Alhamisi, 21 Novemba

Alfajiri. Mzee Mbaruku dirishani kwangu, anaongea kwa kunong'ona kana kwamba ndege atamsikia kutoka bondeni.

"Kuna sauti ndani ya yai."

Tulikwenda wachache. Tulijilaza kwenye tuta tukasikiliza. Mlio mdogo kama wa gurudumu la cherehani lisilotiwa mafuta. Jike alikuwa anajibu, chinichini. Nilimtazama Mzee Mbaruku. Alikuwa amefumba macho, na hakuwa na uso wa mtu anayesikia balaa.

Ijumaa, 22 Novemba

Wameanguliwa wote wawili! Vifaranga vya rangi ya mchanga, mstari mweusi mgongoni, na miguu mikubwa kuliko wao, kama watoto waliovaa viatu vya baba. Asubuhi wamelowa, mchana wamekauka, jioni wanasimama na kuanguka.

Sasa tatizo. Kilima tulichokijenga kwa majivuno makubwa kimefika kiunoni kwangu, na maji yameondoka. Wazazi wakashuka chini wakaanza kuwaita. Vifaranga wakasogea ukingoni wakachungulia. Nilitaka kwenda kuwashusha, Ndugu Pantaleo akanishika mkono. Siku hizi huja kila akitoka ofisini, akisema anakagua mahindi. Wa kwanza akarudi nyuma. Akaja tena. Akajitupa, akabiringika kwenye gunia, akatua kwenye matope, akakaa hapo ametahayari. Kisha akainuka akakimbilia chini ya bawa la baba yake. Wa pili alimfuata bila kufikiri.

Wakaondoka kwa mguu, wazazi mbele na nyuma, wakakatiza mistari ya mahindi mapya kuelekea matete ya ng'ambo ya shamba. Tuliwafuata kwa macho mpaka hatukuweza kutofautisha ndege na udongo. Watu wazima, tumejipanga kwenye tuta, kuna waliokuwa wanalia. Sikuwa peke yangu.

Jumapili, 24 Novemba

Nimekwenda misa, nimetoa shukrani. Padri aliuliza za nini, foleni ilikuwa ndefu nyuma yangu, nikasema za jumla.

Jumatano, 27 Novemba

Tumewasikia jioni, wakati wa kufunga duka. Wawili tu, lakini Elisaria alitoka nje na kibaba mkononi, na nyumba zote zikanyamaza mpaka walipomaliza.

Jumapili, 1 Desemba

Leo nilikuwa na bibi harusi sebuleni, binti wa Kichaga anaitwa Candida, nampima gauni lake. Kitambaa chenyewe tumekitafuta miezi. Nilikuwa nimefika pindo, sindano imo ndani ya kitambaa, mara kengele ya baiskeli mlangoni, haikomi. Ndugu Pantaleo, jasho linamtiririka. Watu wa mashamba ya upande wa Buguruni wamekuta chekeamwezi, mayai mawili, wamechomeka vijiti kama walivyosikia kwetu, lakini mto unapanda tena na hawajui wafanyeje. Wametuma mtu tawini. Tawini! Kuuliza watu wa ndege wako wapi.

Nilisimama na tepe shingoni. Nikamtazama Candida, nikaanza kumwomba radhi, nikijua hakuna fundi anayemwacha bibi harusi na pini ubavuni. Akauliza kwani ndege huyo anafanywa nini. Nikamweleza haraka haraka, bati, magunia, kujificha. Sitara na Elisaria walikuwa wamekwisha kupita mlangoni na mizigo, na Mzee Mbaruku mbele yao wote.

Candida alivua gauni, akavaa kanga yangu iliyokuwa kitini, akashika viatu vyake mkononi akatoka.

Tumerudi sasa hivi. Alijaza magunia kama mtu aliyezaliwa nayo, na tulipojificha alinibana mkono kwa vidole vyake vyenye hina mpaka damu ikakoma. Tope limemfika kwenye nywele alizosukwa kwa ajili ya siku yake. Harusi ni Jumamosi. Gauni halijaisha. Ndege amepanda.